Miaka Thelathini na Miwili ya Kuuliza Nakala Iko Wapi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, Msimamizi Mkuu wa Miundombinu ya Tehama wa hospitali yetu atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Kwenye faili ana majina matatu kamili. Lakini kuanzia getini hadi maabara anajulikana kama Mama Nakala, kwa sababu hajawahi kumkuta mtu mbele ya kompyuta asimuulize, hata salamu hazijaisha: "Na nakala yake iko wapi?"

Mhariri wa jarida ameomba wasifu huu uwe mchangamfu. Mwandishi atajitahidi. Idara yetu imechoka mwaka huu, na anayestaafu amechoka kuliko sisi sote, kwa hiyo msomaji atuvumilie pale kicheko kitakapochelewa.

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa ofisi ya kumbukumbu, mwaka ambao hospitali ilipata kompyuta yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa imefunikwa kitambaa na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Aliyemtoa kwenye taipureta ni fundi wetu wa kwanza, mtu mrefu, mpole, ambaye sote tulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha shule yoyote. Alimkuta mpiga chapa huyu akiifungua kompyuta iliyogoma kwa bisibisi ndogo ya kukazia miwani. Akasimama mlangoni mpaka ilipowaka, kisha akasema, "Hapa unapoteza muda wako. Njoo kwangu." Tangu siku hiyo mpiga chapa akamwita kaka, naye kaka akamfundisha yote aliyoyajua, pamoja na mengine waliyoyagundua wawili baada ya kuharibu kwanza.

Chumba cha mashine kilikuwa stoo ya zamani ya shuka, na hadi leo ukifungua mlango ghafla unasikia harufu ya sabuni. Seva, yaani kompyuta za kutunza na kugawa taarifa, zilifika arobaini na moja, kila idara na yake, kila moja na maradhi yake. Ya famasia ilizimika kila kiyoyozi kilipokoroma. Ya maabara haikupenda kuzimwa, na ukiizima, kuiwasha tena kulitaka sala na subira. Mama Nakala alizitambua kwa milio, kama mzazi anavyotambua kikohozi cha mwanawe gizani.

Kisha zikaja mashine pepe. Kwa faida ya wenzetu wa wodini: chuma kimoja chenye nguvu hubeba ndani yake kompyuta nyingi zisizoshikika, kila moja ikidhani iko peke yake duniani. Seva zote arobaini na moja alizihamishia kwenye vyuma sita, Jumapili baada ya Jumapili, kwa miezi kumi na minne, na hakuna mgonjwa aliyejua. Baadaye sehemu ya mifumo ikahamia kwenye wingu, yaani mashine za kukodi zilizo mbali ambazo hakuna mmoja wetu atakayewahi kuzitia machoni. Sisi tulipiga makofi. Yeye alikuwa anakunja kebo za zamani. Akasema bila kuinua kichwa, "Zamani mwizi alihitaji funguo arobaini na moja. Sasa tumempunguzia kazi, anahitaji mmoja."

Ndiyo maana aliweka kwenye wingu nakala moja ya akiba ya taarifa zetu zote, iliyofungwa kwa namna ambayo kwa siku thelathini hakuna mtu anayeweza kuifuta, hata yeye mwenyewe. Mkurugenzi alicheka. "Yaani umejifungia nje ya nyumba yako?" Akajibiwa, "Ndiyo. Siku mwizi akivaa sura yangu, naye atabaki nje."

Mwizi alikuja Jumanne moja, miaka minne iliyopita, saa nne kasorobo asubuhi. Karani wa mapokezi alipiga simu kusema kwamba faili za wagonjwa hazifunguki, na kioo kimejaa maandishi mekundu ya vitisho. Kabla hajakata simu, famasia nao walikuwa wanapiga, na maabara, na chumba cha upasuaji. Mama Nakala hakuigusa kompyuta yake. Alitembea, hakukimbia, hadi chumba cha mashine, akaanza kung'oa kebo kwa mikono. "Kata kwanza," alituambia. "Maswali baadaye."

Siku ile kulikuwa na mama mezani kwa upasuaji wa kujifungua, na kundi la damu yake lilikuwa kwenye mfumo peke yake. Muuguzi alikimbia na kichupa mkononi hadi maabara, damu ikapimwa upya, daktari akisubiri na saa ikienda. Mama na mtoto walitoka salama. Mama Nakala alipoambiwa, aliegemea ukuta, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Wavamizi walikuwa wameshika usukani wa vyuma vyote sita. Nakala zetu zilizokuwa humu hospitalini walizifuta moja baada ya nyingine. Ile iliyofungwa waliijaribu mara tisa, wakashindwa. Kwa siku kumi na moja aliirejesha hospitali kutoka kwenye nakala hiyo: benki ya damu kwanza, kisha wodi ya wazazi, kisha famasia. Barua pepe za wakubwa zilirudi mwisho kabisa, na alisema ni bahati mbaya tu.

Siku ya tatu mumewe, dereva mstaafu, alikuja getini na begi la nguo. Alimwambia mlinzi, "Mwambie mke wangu na nyumbani mtandao umekatika." Ujumbe ulipofika, Mama Nakala alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa hakuweza kuinuka kwa nusu saa.

Hapa wasifu wa kawaida ungeruka hadi kwenye pongezi. Huu hautaruka.

Uchunguzi ulionyesha kwamba wavamizi waliingilia akaunti ya Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu miaka sita. Kanuni inasema akaunti ifungwe siku mtumishi anapoondoka, na kanuni hiyo iliandikwa na Mama Nakala mwenyewe. Lakini Mwalimu alikuwa amemwomba amwachie barua pepe yake, apate kusoma jarida hili kila mwezi, ajue nani kaoa, nani kapanda cheo, nani katutoka. Akamwachia. Alidhani amemwachia barua pepe tu. Mamlaka ya zamani ya fundi, yale ya kuviamrisha vyuma vyote, yalikuwa bado yananing'inia kwenye akaunti ile, na neno la siri lilikuwa halijabadilishwa tangu enzi za kiyoyozi cha kukoroma.

Kikao kilikuwa na watu kumi na mmoja. Mkurugenzi aliuliza, "Akaunti hii ni nani aliyeiacha wazi?" Mama Nakala angeweza kusema kwamba ofisi ya utumishi haikumletea barua ya kumfungia Mwalimu akaunti, na ni kweli hawakuleta. Alisema, "Ni mimi. Aliniomba, nikaona haya kumkatalia. Andikeni hivyohivyo."

Mwandishi wa wasifu huu alikuwa wa nne kutoka mlangoni. Miezi miwili kabla ya uvamizi, kazi ya kukagua orodha ya akaunti zote ilikuwa yake. Aliliona jina la Mwalimu. Aliyaona na mamlaka yaliyokuwa pembeni ya jina. Akasema moyoni, huyu ni mwalimu wetu, na bosi anajua, akaweka alama ya vema, akatia saini. Karatasi hiyo ilikuwa kwenye droo yake siku ya kikao. Hakuna aliyeiulizia. Naye alitazama kalamu yake mpaka kikao kikaisha.

Mama Nakala alipewa barua ya onyo. Cheo cha Naibu Mkurugenzi wa Tehama, ambacho kila mtu alijua ni chake, kilikwenda kwa mtu mwingine. Mtu huyo ndiye anayeandika maneno haya.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikuja mwenyewe, akitembelea fimbo, akaketi kwenye benchi nje ya chumba cha mashine. "Nasikia mwizi kapita kwangu," alisema. Mama Nakala aliketi kando yake. "Kaka, mlango ulikuwa wangu. Wewe ulikuwa unasoma gazeti." Tangu hapo, kila jarida hili likitoka, yeye hulichapisha kwenye karatasi na kumpelekea nyumbani kwa mkono wake. Kwa hiyo Mwalimu naye anayasoma haya, na tunamwamkia.

Kwa miaka minne Mama Nakala amefanya kazi chini ya mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kazi. Amepanga upya mamlaka ya kila akaunti, ameigawa mitandao ili moto wa chumba kimoja usiunguze cha pili, na kila baada ya miezi mitatu ametulazimisha kuirejesha hospitali nzima kwenye mashine za majaribio huku tukinung'unika. Magoti yamegoma ngazi. Maneno yake yamekuwa yakipungua kila mwaka. Mara moja tu alilalamika, akiwa amesimama dirishani na kikombe kilichopoa: "Hii kazi ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea. Sasa watu wakushukuru kwa lipi?"

Wiki iliyopita mwandishi alimpelekea rasimu hii, kwa sababu haikuwa haki aisome kwa mara ya kwanza pamoja na watu wote. Aliisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa.

"Nilijua," alisema. "Orodha niliiona mezani kwako kabla hujaificha."

Mwandishi akamuuliza kwa nini hakusema.

"Kuungua wawili kungesaidia nini? Mashine zilihitaji mtu wa kuzishika, na mimi nilikuwa nimeshachoka." Akairudisha karatasi. "Iache itoke. Ila ipunguze, watu wana wagonjwa."

Haikupunguzwa. Ni mara ya kwanza kumkaidi.

Ameulizwa na wengi atafanya nini akistaafu, kama atafungua ofisi, kama atalima. Anajibu kwamba atalala, na akiamka atafikiria kama aendelee.

Dada, kwa niaba ya wodi zote, maabara, famasia, na mama yule na mwanawe ambaye sasa anaanza kusoma, asante. Na samahani, ilipaswa kusemwa kwenye kikao kile, leo inasemwa mbele ya hospitali nzima. Tunakutakia usingizi mzito, na asubuhi nyingi ambazo hakuna chochote kinachokusubiri ukirekebishe.