Sababu ya Kukataa Zamu

Ndani ya basi, pale mjini Okayama, Japani, mbele yangu walikaa akina mama wawili wenye nguo nyeusi za msibani.

"Mama Kotone, wewe ndiye uliyemsimamisha marehemu mbele ya wazazi wote," alisema yule mdogo, "aeleze kwa nini hawezi kushika zamu ya kuvusha watoto barabara."

"Ndiyo kanuni ya kamati ya shule, mwenzangu. Nami nilikuwa mwenyekiti."

"Haya, akasema ana saratani. Tukajua sisi kabla ya mumewe."

Kanuni hiyo naijua. Shuleni kwetu niliipigia kura.

Mama Kotone alikunja leso yake. "Leo nitamwomba mumewe radhi."

"Leo anamuaga mkewe, dada. Usimtwishe na mzigo wako."

"Nisipomwambia leo, nitamwambia lini?"

Basi likasimama penye jumba la mazishi. Mlango ukafunguka, na kati yao hakuna aliyetaka kutangulia kushuka.