Orval Tuttle na Mlango wa Nyuma wa Mtakatifu Barnaba

Nani aliyewatuma ninyi wazee wa kanisa mkanunue kufuli? Mtu hajaondoka, kiti chake bado kina joto, nanyi mmeshaanza kuupimapima mlango wake wa jikoni! Haya hamna?

Orval Tuttle anastaafu Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya kulitunza kanisa letu la Mtakatifu Barnaba kwa miaka thelathini na minane. Nimeambiwa mimi, Leota Haskins, niandike wasifu mzuri. Uzuri nitautia pale ninapouona.

Kanisa hili la mbao lilijengwa ng'ambo ya ziwa na wakata magogo Waepiskopali, Waanglikana wa huku Marekani. Mji ulipohamia upande huu, babu zetu walingoja ziwa ligande, wakalivuta kanisa zima kwa farasi juu ya barafu. Walipokaribia ufuko, barafu ikaanza kulia. Wakalikokota mbiombio hadi nchi kavu, likakaa lilivyokaa, wao wakaenda kunywa kitu cha moto. Hakuna aliyerudi kuligeuza. Ndiyo maana mlango wetu mkubwa mwekundu unatazama maji, na barabara inatazama jiko.

Basi kila mgeni hubisha hodi jikoni. Na jikoni, kando ya tanuru ya kulipasha kanisa joto, yupo Orval.

Theluji anaiondoa, kengele anaipiga, na ile tanuru kongwe anaibembeleza kama ng'ombe mkaidi. Kuimba hajui, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Mwaka mmoja alipaka viti rangi Jumamosi. Jumapili askofu akainuka na mistari mgongoni. Orval akamwambia, "Baba Askofu, sasa wewe ni wetu, alama tumeshakutia." Askofu alicheka hadi akakaa tena palepale.

Lakini kazi yake kubwa haimo katika mkataba. Ni kile kiti cha pili alichokiweka kando ya tanuru. Wapo wasioweza kuingia kwa mlango mwekundu: aliyefiwa, aliyeachwa, aliyeamka na pombe kichwani. Hao hupita jikoni. Orval hawaulizi habari. Huwapa kahawa, kisha huwapa kazi.

Wewe Wendell Pruitt, mzee wa kanisa uliyelipia hilo kufuli, umesahau? Baridi ile uliyomzika mkeo Marjorie uliapa hutakanyaga tena kanisani. Ukaja jikoni kuchukua bakuli lake lililobaki tangu chakula cha msiba.

"Sikuja kusali mimi," ukafoka.

Orval hata kichwa hakuinua. "Nani kasema kusali? Viazi hivi havijimenyi, ndugu yangu. Kaa."

Ukakaa. Ukamenya hadi theluji ikayeyuka. Mimi nilivila viazi vyako, na maganda yalikuwamo. Siku ya Pasaka uliketi mbele kabisa, unalia, kisu cha viazi kikiwa bado mfukoni.

Leo wewe ndiye unayesema mlango ufungwe kwa kuwa hakuna wa kukaa pale. Hakuna?

Orval, magoti yako yamekataa ngazi. Nenda kwa binti yako ukapumzike. Ahsante kwa joto, kwa kahawa chungu, na kwa kutouliza. Mungu akujalie siku ndefu na wajukuu wabishi, usije ukachoka kwa kukaa bure.

Nawe Wendell, mwanangu: rudisha hilo kufuli dukani. Jumatatu asubuhi uwe kwenye kiti cha Orval, kahawa iwe motoni. Jumanne nitakuja mimi. Kile cha pili kiacheni wazi.