Ndululu Mutiso na Mkasi wa Ofisi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bwana Ndululu Mutiso, karani wetu hapa Ushirika wa Kahawa wa Kyamwitu, Kikima, anastaafu tarehe 30 Juni 1994. Kuanzia Julai mosi, sisi wengine tutaanza kusoma gazeti zima.

Historia ya kukata na kubandika picha hapa Mbooni ina majina mawili makubwa. La kwanza ni marehemu Bi Kavata, mwalimu wa Sunday school, aliyebandika kadi za Krismasi kwenye daftari mpaka watoto wakaamini Bethlehemu ilijaa theluji. La pili ni mwanafunzi wake, Ndululu. Tofauti ni kwamba Bi Kavata alikata kadi zake mwenyewe, na Ndululu alikata gazeti la ofisi.

Gazeti hilo moja lilifika kwa basi la Machakos baada ya chakula cha mchana. Chai ikifika, mawaziri, mafahali wa maonyesho na timu za mpira walikuwa wamekwisha kuingia kwenye albamu, nao wakulima walisubiri dirishani gundi ikauke. Meneja wetu, Bwana Irungu, alisoma kilichobaki. Kuna mwaka tulinunua mbolea kwa bei ya zamani kwa sababu tangazo la bei kushuka lilikuwa mgongoni mwa picha ya fahali. Muthoki wa chai ndiye aliyetusemea sote: "Mzee, hii gazeti yako iko na madirisha mingi kushinda nyumba yangu." Alikuwa na haki ya kusema. Gundi ilikuwa uji wa unga wake wa chapati. Hata njaa ya 1984, watu wakipanga foleni ya mahindi ya msaada, Ndululu alikoroga gundi, na hilo hatujamsamehe kabisa.

Kilele cha kazi yake kilikuwa 1977. Kahawa ilipanda bei, ushirika ukashinda kikombe, na mpiga picha wa gazeti akampiga picha Ndululu akiwa amekishika, maana Bwana Irungu alikuwa chooni.

Gazeti lilipofika, Ndululu alimwona waziri ukurasa wa kwanza akifungua bwawa. Akakata, akapaka gundi, akabandika, akagandamiza kwa kiwiko. Jioni sokoni watu wakampongeza kwa picha yake ya ukurasa wa pili. Mtu ambaye hajawahi kuharakisha hata barua alirudi ofisini mbio. Nakala nyingine tuliyoijua ilikuwa kwa muuza nyama, na ilikuwa imekwisha kufungia mteja matumbo ya mbuzi. Akachemsha maji, akajaribu kumbandua waziri kwa mvuke. Waziri alichanika uso, na Ndululu, aliyekuwa mgongoni mwake, akachanika naye. Kilichotoka kizima ni viatu vya Ndululu.

Tulicheka wiki nzima. Kisha tukasikia kwamba mama yake, Mama Kasyoka wa Tulimani, aliambiwa kanisani kuwa mwanawe yuko gazetini, na alikuwa akingoja kumwona. Ndululu hakuwa na kingine, akampelekea viatu. Mama alivitazama, akasema, "Ni yeye. Hizo kamba mimi najua," akaviweka ndani ya Biblia. Tuliona aibu, ingawa hatukumwambia. Mama alifariki 1986, na hiyo ndiyo picha aliyobaki nayo.

Ndululu mwenyewe hakujifunza lolote. Jumatatu iliyofuata alikata ukurasa wa kwanza kama kawaida.

Bwana Ndululu, asante kwa albamu zako. Wageni huzifungua kwa hamu kuliko taarifa zetu za mwaka, na sisi pia tunazipenda. Picha iliyo juu ya ukurasa huu ulipigwa juzi na Ng'ang'a wa studio, ukiwa na kikombe kilekile, kuanzia kichwa hadi viatu. Tunakutakia mapumziko mema, na mkeo Nzilani tunamtakia uvumilivu na unga wa kutosha.

Mkasi ni mali ya ofisi, kwa hivyo uurudishe. Lakini kwanza kata picha hii. Nyuma yake hatujachapisha kitu.