Mbwa wa Geti la Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja dakika hizi chache. Leo tunamkumbuka mzee mmoja aliyekuwa mkwanguaji wa ngozi. Alifariki miezi saba iliyopita. Wengi wenu mnamjua mbwa wake kuliko mnavyomjua yeye, na jambo hilo linanichefua. Linanichefua zaidi kwa sababu na mimi nina mkono wangu humo. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Tuanze na mtu mwenyewe.

Kwenye kiwanda cha ngozi alikofanya kazi walimwita Mzee Taratibu. Kila kitu kwake kilikuwa taratibu. "Siku jiko la jirani liliposhika moto," anasema mkewe, "watu wote wanakimbia na ndoo, yeye yuko kitandani anafunga kamba za viatu. Na alifunga zote mbili!" Anacheka, halafu anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Ngozi mbichi zikitoka kwenye mapipa ya chokaa huwa bado zina mabaki ya nyama na mafuta. Mzee Taratibu alizilaza juu ya gogo, akazikwangua kwa kisu butu chenye mipini miwili. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Nilikwenda kusimama karibu na gogo lake kwa robo saa tu. Harufu ile iliingia kwenye nywele zangu ikakaa siku tatu.

Nyumbani, koti lake la kazi halikuvuka mlango. Lilikuwa na msumari wake nje. "Chagua," mkewe alimwambia walipokuwa bado vijana, "ulale na mimi au ulale na koti."

"Koti halikoromi," mzee akajibu.

Mfuko wa koti hilo ulichanwa na kisu. Bintiye mkubwa ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Aliuziba kwa kipande cha kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye sketi. Baba yake alikiangalia kiraka, akasema, "Haya, nimerudi darasa la tatu." Akakivaa kwa majivuno. Naomba mkikumbuke kiraka hicho cha kijani.

Sasa mbwa. Mzee alimwokota angali mtoto, kati ya mapipa ya taka ya kiwanda. Akamwita Karani, kwa kuwa alijua saa. King'ora cha kutoka kazini hulia saa kumi. Kila siku saa tisa na nusu Karani aliondoka nyumbani peke yake kwenda kumpokea bwana wake. Alimpokea geti la nyuma. Narudia, wasikilizaji: geti la nyuma. Geti kubwa la kiwanda kile ni la wageni na magari ya wakubwa. Wafanyakazi huingia na kutoka kwa mlango mdogo wa bati nyuma, kando ya mapipa ya taka. Kwa miaka ishirini na miwili, Mzee Taratibu hakukanyaga geti kubwa hata siku moja.

Alikufa Jumanne, saa nne asubuhi. Mfuniko wa shimo la maji machafu ulikuwa umeoza. Wafanyakazi walishasema mara tatu. Jibu lilikuwa ubao uliolazwa juu. Ubao ukavunjika, mzee akatumbukia. Walipomtoa alikuwa ameshakufa. Saa sita mwili ulikuwa chumba cha maiti. Saa kumi Karani alikuwa kwenye mlango wa bati, anasubiri.

Familia ilikwenda kuchukua vitu vyake. Wakapewa miwani na bakuli la chakula. Koti je? Waliambiwa limechomwa kwa sababu za kiafya.

Wiki tatu baadaye ilitoka ile picha. Mnaikumbuka. Mbwa wa kahawia ameketi mbele ya geti kubwa la kiwanda, maua pembeni, macho yake barabarani. Tuliambiwa kila siku anamsubiri bwana wake aliyefariki. Kiwanda kikaitia kwenye kalenda, chini yake maneno: "Uaminifu ndio asili yetu."

Aliyeisoma habari hiyo katika redio hii ni mimi. Sauti ilinikatika nikiwa hewani. Simu zikalia hadi tukachelewesha taarifa ya habari. Mama mmoja akasema angependa mumewe akafundishwe na mbwa yule. Tukacheka, tukalia. Hakuna aliyepiga kuuliza mzee alikufaje. Mimi pia sikuuliza. Nina aibu kusema hivyo, ila ndiyo kweli.

Mjane wa mzee akaanza kwenda geti kubwa kila Ijumaa. Mlinzi alimwekea kiti. Alikaa na Karani mpaka saa kumi, kisha wakarudi nyumbani pamoja. "Mwanangu, mbwa anajua," alimwambia bintiye. "Kama huyu bado anamsubiri, basi baba yako hajasahauliwa."

Binti aliitika tu. Ndani kulikuwa na kitu kinamkwaruza. Karani alilijulia wapi geti kubwa? Baba mwenyewe hakulijua. Lakini mama alikuwa ameanza kula vizuri, ameanza kulala. Binti akameza swali lake.

Siku moja alipeleka sare kwenye ofisi ya shule. Kalenda ile ilikuwa ukutani. Akaisogelea. Nyuma ya mbwa kilionekana kibanda cha mlinzi, mlango wazi. Ndani, kwenye msumari, palining'inia koti. Kwenye mfuko wa koti, kiraka cha kijani.

"Nilizijua nyuzi zangu," anasema. "Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya mwalimu mkuu."

Akamtafuta mwenzake baba kazini, aliyekwangua ngozi kwenye gogo la pili. Alimkuta nyumbani kwake anaosha miguu kwenye beseni. Mzee yule alitaka kuzungusha maneno, yakamwishia.

"Siku za mwanzo alikuwa akisubiri kwetu, mlango wa bati," alisema. "Meneja akaja na mpiga picha. Wakaona mapipa, wakaona nzi, wakaziba pua. Wakasema mbwa ahamie mbele. Koti likatundikwa kibandani. Na kila siku kuanzia saa tisa na nusu anatupiwa mabaki, asiondoke mpaka king'ora kipite."

"Mabaki gani, baba mdogo?"

"Yale tunayokwangua."

"Na wewe unayakwangua?"

"Nakwangua, mwanangu. Na nimenyamaza."

Binti alikaa na jambo hilo siku nne. Akimwambia mama, anamnyang'anya faraja yake ya pekee. Asipomwambia, Ijumaa mama atakwenda tena kukaa kwenye kile kiti. Alhamisi, wakichambua mchele, akasema yote. Mama hakuinua kichwa. Akaendelea kutoa vijiwe, kimoja, kingine.

"Kumbe kile kiti ni cha kupigiwa picha," akasema mwishowe. "Kesho tunakwenda wote."

Mlinzi aliwaona wanakuja, akakunjua kiti. "Mama, karibu, kiti chako hiki."

"Leo sikai. Nipe koti la mume wangu."

"Mama, mimi sina ruhusa..."

"Kumvua mliomba ruhusa kwa nani?"

Mlinzi akampisha. Mama akaingia kibandani, akalitoa koti msumarini mwenyewe. Meneja akatoka na tai yake. "Mama yangu, tulifanya haya kwa heshima ya marehemu."

"Heshima yake ilikuwa mfuniko," mama akasema, akageuka.

Wakaondoka, binti amelikumbatia koti. Karani akainuka, akawafuata, pua yake kwenye mkono wa koti. Hapo binti akawaza moyoni: Kumbe ilikuwa harufu tu. Harufu na nyama. Kumbe hakuna aliyekuwa akimsubiri baba. Alimtazama mama yake pembeni, akaona naye anawaza hayohayo.

Walipofika kona ya ukuta, king'ora kikalia.

Karani akasimama, masikio juu. Akaliacha koti. Akakata kushoto, akafuata ukuta mbio kuelekea nyuma. Wakamfuata, mama ameshika viatu mkononi. Walimkuta ameketi kati ya mapipa ya taka, nzi wamemzunguka, anautazama mlango wa bati. Wafanyakazi wakatoka mmoja mmoja. Karani alimtazama kila mmoja usoni. Mlango ukafungwa. Akasubiri kidogo, akanyanyuka, akashika njia ya nyumbani.

Hakuna aliyepiga picha.

Wasikilizaji wapendwa, mmeniandikia mkiuliza kama mbwa anaweza kweli kumsubiri mtu aliyekufa. Bintiye anasema hajui mbwa anaelewa nini kuhusu kifo. Mimi pia sijui. Najua tu alichokiona binti kando ya mapipa, na ninakiamini. Ile picha ya geti kubwa, niliyowasomea habari yake kwa machozi, ilikuwa uongo uliopakwa mafuta ya ngozi. Niwieni radhi. Kalenda ya studio yetu nimeishusha leo asubuhi.

Koti limerudi kwenye msumari wake nje ya mlango. Mama amekataa lifuliwe. Shimo, hadi jana, lilikuwa na ubao mwingine.

Tunawapa pole mjane, binti na ndugu zake wote, na wenzake wa kwenye magogo wanaopita juu ya ubao huo kila siku. Nawe unayenisikiliza, siku nyingine ukiletewa mnyama wa kukuliza, lia ukitaka, kisha uliza bwana wake alikufaje.

Sasa ni saa kumi kasoro dakika mbili. Karani ameshafika geti la nyuma.