Virginia Mumbua Kioko (1968–2025) na Chai ya Baa ya Mbuni

Virginia Mumbua alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 huko Kaani, Machakos. Babake, Mzee Kioko, aliosha vyombo kwa miaka kumi na moja katika baa ya walowezi iliyoitwa Mbuni. Hakuruhusiwa kuketi ndani. Maganda ya matunda yaliyobaki aliyachemsha jikoni, akayanywa kama chai kwenye mlango wa nyuma.

Virginia alisoma hapo kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986. Mwaka 1992 aliolewa na Joram Mutua, aliyefariki 2006 na kumwachia mtoto mmoja, Tony.

Mwaka 2009 alikuja Doha kutunza wazee majumbani, akapanga chumba mtaa wa Najma. Humo ndimo alimoifufua chai ya babake kwa maua makavu ya karkade, maganda ya machungwa, nanasi kavu na mchaichai. Akaiita Baa ya Mbuni. Baa, hapa Doha! Familia ilimsihi abadilishe jina, ikachoka. Jirani yake Salma, wa Unguja, kila alipokaribishwa alinusa kikombe kwanza.

"Da Virginia, una hakika hamna kitu humu?"

"Mna maganda, Salma. Kunywa."

"Si uiite Chai ya Matunda tu, tukanywa bila wasiwasi?"

Hakubadilisha. Alisema babake alilifanyia kazi jina hilo.

Vipimo navyo hakuviandika. Mpwa wake Carolyne, anayesoma wasifu huu, alimfuata na daftari kila Ijumaa kwa miaka mitatu. Jibu lilikuwa lile lile: "Ijumaa ijayo, mama."

Figo zilipomsumbua mwaka jana, alificha kadi za kliniki chini ya mkebe wa chai. Zilikutwa nne. Alilazwa tarehe 6 Januari 2025, na ndipo alipokubali kusema. Karkade viganja viwili, nanasi kimoja.

"Kiganja cha nani, shangazi? Changu ni kidogo."

"Changu. Cha nani tena?"

Kwa hasira, Carolyne aliusukuma daftarini mkono wa shangazi yake, akauzungushia kalamu. Mgonjwa alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia. Alifariki Jumanne, tarehe 14.

Ameacha mwanawe Tony, kakake Daudi, mpwa wake Carolyne, na Salma. Leo, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kaani, Salma amepika birika mbili, akirundika karkade juu ya mchoro ule mpaka ukajaa. Ameonja bila kunusa.

Mungu ampumzishe kwa amani, na safari hii, kwa niaba ya babake, aingilie mlango wa mbele.