Maisha ya Mama Nyusi, Mpasuaji wa Macho

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wagonjwa wake walimwita Mama Nyusi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa, nyuma ya duka la baba yake, ambako alizoea kushika koleo ndogo kabla hajajua kusoma. Alianza shule Januari 1958, akahitimu udaktari mwaka 1976, na mwaka 1982 akafuzu upasuaji wa macho.

Tarehe 6 Agosti 1979 alifunga ndoa na baba yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto watatu, nasi tulikua tukimwona sebuleni akipandisha nyusi za bibi kwa kidole gumba, akizipima kwa rula zetu za shule, bibi akilalamika kwamba chai inapoa.

Wazee wengi walimjia wakiwa wameambiwa kope zimelegea, kumbe nyusi ndizo zilizoshuka zikafunika macho. Ili kuziinua, wenye nywele aliwapasua nyuma ya mstari wa nywele, kovu lijifiche, na wenye upara aliwapasua ndani ya kunjo la paji la uso, au juu tu ya nyusi. Mwaka 1988 alimpasua hivyo dereva mmoja mstaafu, na nyusi ya kulia ikabaki juu kuliko mwenzake. Mama alimfuata nyumbani, akamwambia, "Mzee wangu, kosa ni langu, nilikuchora alama za kukata ukiwa umelala, nyusi zikiwa zimesogea." Mzee akacheka, "Daktari, mke wangu anasema sasa ndiyo naonekana namsikiliza." Alimrekebisha, na tangu hapo kila mgonjwa alichorwa akiwa ameketi.

Tarehe 3 Oktoba 2009, akiwa ameshavaa glavu, aliona kidole chake kinatetemeka, akazivua, akamkabidhi mwanafunzi wake kisu, akasimama nyuma yake hadi mshono wa mwisho, kisha akarudi nyumbani akatuambia, "Leo nimestaafu." Alilia kidogo, akaomba chai.

Ugonjwa wa kutetemeka ulimlaza mwaka 2021, akafariki tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na baba.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomwita "daktari" hadi pumzi ya mwisho, majirani mliomsomea magazeti, na wenzake wa kazini, ambao leo mmeacha foleni ya wagonjwa mkaja.

Mama, tumekuzoea sana. Upumzike kwa amani.