Mama Nanyama na Sahani Yake ya Mahindi na Maharage

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Mama Norah Nanyama anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuuza sola katika kampuni yetu, kwanza Jinja na baadaye hapa Mbale. Wengi mnajua kwamba ofisi ilimwomba aongeze miaka miwili kwa mkataba, na kwamba hadi mwezi uliopita hakuwa amejibu. Sisi wa dukani tulikuwa tukiomba Mungu akubali. Amekataa, na mimi Metrine, niliyekaa naye meza moja tangu nivuke mpaka kutoka Bungoma, nimepewa kazi ya kueleza alivyofikia uamuzi huo. Nitaeleza, ingawa roho inaniuma.

Kwa asiyemfahamu: Mama Nanyama hakumuuzia mtu sola kabla ya kumkalisha mbele ya sahani ya bati. Kwa kila faida, mteja aliweka punje ya hindi. Kwa kila hasara, harage. Hindi: jua halileti bili mwisho wa mwezi. Hindi: moshi wa tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa, umekwisha, watoto wanasoma bila kukohoa. Hindi: umeme wa nguzo ukikatika, kwako kunawaka na jirani anakuja kuchaji simu. Harage: pesa nyingi zinatoka kwa mpigo. Harage: betri huchoka, na kununua nyingine ni maumivu. Harage: mlima ukijifunika mawingu wiki nzima, taa zinazimika mapema. Harage: pasi na birika la umeme usahau. Harage: wezi nao wanajua kupanda mabati. Mteja akisahau maharage, Mama Nanyama aliyatia mwenyewe, na hapo ndipo meneja wetu, Bwana Bruhan, alipokuwa akishika kichwa.

Kisha, jamani, hakuhesabu! Hilo ndilo wageni walikosea. Sahani ikishajaa, alimwambia mteja achague punje moja ambayo hawezi kulala nayo nyumba moja. Punje moja nzito, alikuwa akisema, inashinda kumi nyepesi.

Muulizeni Tyson, mchuuzi wa samaki pale Masese. Enzi hizo za Jinja alitaka sola ya kuendesha friza. Sahani yake ilijaa mahindi tele na harage moja tu: friza hula umeme usiku na mchana, na sola aliyoweza kuinunua ingeishiwa kabla ya alfajiri. Mama Nanyama akamwambia harage hilo ni zito kuliko mzigo wake wote wa sangara. Aendelee na barafu, sola aifungie taa za banda. Tyson akafoka, akaenda kununua katika duka lingine. Wiki haikuisha, Masese nzima ilijua yaliyompata, kwa pua. Alirudi kwetu na samaki wawili aina ya ngege mkononi, akanunua taa, na mpaka leo anatuletea wateja. Ngege wale tuliwanusa kwanza.

Bwana Bruhan alimwita adui wa mauzo. Alimhamishia Mbale ili amchunge kwa karibu, na alichokiona kilimfunga mdomo. Maafande wa magereza na polisi walikuwa wakiingia dukani, wakimkosa yule mama wa maharage, wanageuka na kwenda zao. Aliowauzia hawakurudi kugombana. Hata Bwana Bruhan, alipojenga nyumba yake, alikuja mezani kwetu kimyakimya akaomba sahani.

Sasa nije kwenye jambo lililotuchekesha kwa miaka mingi: kwake Nabuyonga hakuna sola. Mganga hajigangi, tulikuwa tukimtania. Yeye alicheka tu na kusema paa lake lina mwenyewe.

Mwezi uliopita tukaamua kumkomesha. Tungemfungia sola kama zawadi, na moyoni, nisiwafiche, tulitaka iwe hongo ili asituache. Jumapili asubuhi, yeye na mumewe wakiwa kanisani, Apollo, fundi wetu, akapanda juu ya mabati. Jua lilikuwa zuri, paneli ikang'aa, tukapiga makofi. Waliporudi tukawaimbia. Tulikuwa hatujamaliza soda wakati kivuli cha mfenesi mkubwa kilipoanza kupanda ukutani, kikafika kwenye mabati, kikaifunika paneli yote. Lo! Watu tunaowaambia wateja kila siku walitazame paa asubuhi na walitazame tena mchana! Apollo, kwa aibu, akasema mti ukatwe.

 Mumewe, Afande Masinde, aliyestaafu magereza miaka mingi iliyopita, alikuwa chini ya mfenesi huo huo, sinia ya karanga mapajani, anamenya. Aliinua macho, akamwangalia Apollo, akaendelea kumenya. Mama Nanyama akaingia ndani akatoka na sahani. Mahindi ya sola yalikuwa mengi, tuliyaweka sisi wenyewe. Yeye akaweka harage moja: kivuli cha mzee. Apollo akapanda kuishusha paneli.

Tulidhani yamekwisha. Akaifuta sahani kwa kanga yake, akasema tupime na ule mkataba. Hapo ndipo tulipojitahidi, ndugu zangu. Mshahara, hindi. Wateja wanaomwamini, hindi. Chai yetu ya saa nne, hindi. Mimi nitabaki na nani, mahindi matatu. Bwana Bruhan akatia konzi nzima. Sahani ikafurika, punje nyingine zikaangukia kuku.

Naye akaweka harage moja. Chini ya mfenesi kuna viti viwili, akasema, vilinunuliwa siku moja. Kimoja kimechakaa. Cha pili hakijakaliwa siku ya kazi hata mara moja, kwa sababu jioni, wakati mzee anapomenya karanga zake na kula peke yake, mwenye kiti huwa anatazama mapaa ya watu.

Bwana Bruhan hakumwuliza ni punje ipi nzito. Alikohoa, akaanza kuwaokotea kuku mahindi kana kwamba hawana midomo. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Zawadi tumeibadilisha. Tumefunga paneli ndogo juu ya paa la choo, mahali pekee katika ua ule panapopigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni, na waya umevutwa hadi kwenye taa moja inayoning'inia mfenesini. Hii nayo ilipitia kwenye sahani. Harage lilikuwa moja, kwamba majirani watacheka, na Afande Masinde akalitupa mwenyewe.

Mama Nanyama, asante kwa kila mteja uliyemwambia ukweli, na kwa kutufundisha sisi kusema harage ni harage. Sahani umeniachia mezani, na Jumatatu nitaitumia. Tunakuombea afya, amani na karanga zisizokwisha. Taa imeshafungwa. Nenda ukakae.